Mwanamke wa Mlangoni

Habari za kifo cha Mama Rukia zilinikuta nimepanda juu ya kigoda nabandua kalenda ya zamani ukutani, kazi ambayo watu wa umri wangu tumekatazwa na bado tunaifanya. Aliyepiga simu ni Rukia mwenyewe, binti yake mkubwa. Ananiita mama mdogo tangu yuko shule ya msingi, na sababu yake mtaiona. "Mama mdogo, mama ametutoka alfajiri," akasema. Kisha akaongeza, "Tunazika baada ya adhuhuri. Ukija pitia mlango wa uani, unaujua." Nikashuka kwenye kigoda polepole, nikakaa. Mlango huo naujua sana. Nilikuwa naujua hata kabla haujakuwepo, wakati pale mahali palikuwa na majani makavu na mbuzi wa watu.

Basi nilienda, nikapitia uani, nikakaa mkekani na wanawake wenzangu sebuleni. Majirani walikuwa wameshabandika masufuria nje. Ukuta ulionikabili ulikuwa na picha moja tu, ndani ya fremu ya mninga: nyumba ya matofali ya kuchoma, bati jekundu, baraza lenye nguzo nne, na mlangoni mwanamke mnene aliyejifunga khanga, ameweka mkono kiunoni kama anayesubiri mtu amweleze alikuwa wapi. Kila anayeingia humo hudhani picha hiyo ilichorwa kwa kuitazama nyumba. Ukweli ni kwamba nyumba ndiyo iliyojengwa kwa kuitazama picha. Niliichora mimi, Skolastika, mwaka ambao nilikuwa na miaka ishirini na minne, sina kazi, na nina gauni moja tu la kutokea. Mambo ya kwetu Kate, nani alimzaa nani, nayaacha. Wapo wanaoyasimulia vizuri kuliko mimi. Mwaka huo mmoja ndio ninaoujua mimi peke yangu.

Ulikuwa wakati wa ruksa. Serikali ilikuwa inapunguza watu na maduka yanaongeza vitu, yote kwa pamoja, hata mtu hakujua acheke au alie. Sabuni tuliyokuwa tukiipanga foleni sasa ilirundikwa mlangoni mwa duka, na muuzaji ndiye anayekuita wewe. Bati zikaja, misumari ikaja, na marobota ya mitumba yakawa yanafunguliwa sokoni watu wanasukumana. Mimi nilikuwa kwenye ofisi moja ya serikali, chumba cha kuchorea, na kazi yangu ilikuwa kufuatisha: unaweka karatasi laini inayoonyesha juu ya ramani ya mtu mwingine, unapita na kalamu ya wino juu ya mistari yake, na ole wako ukiongeza hata nukta. Miaka minne nilifuatisha mistari ya watu. Siku majina ya waliopunguzwa yaliposomwa, langu lilikuwa la tatu, na mkuu wa chumba chetu, Mzee Anselmi, alinisaidia kukusanya penseli zangu kwa huruma ya kweli. Ndani ya saraka ya chini kabisa kulikuwa na picha ya rangi ya zahanati ambayo haikujengwa kamwe. Sijui aliichora nani. Ilikuwa inaonyesha jengo kama jicho linavyoliona ukiwa umesimama barabarani, kivuli chake, miti yake, na kwenye njia mwanamke mdogo mwenye mwavuli, wa kumfanya mtazamaji ajue ukubwa wa milango. Kwa miaka minne nilikuwa naitoa kwa siri wakati wa chai, naitazama, mpaka nikaelewa ujanja wake: mistari yote inakimbilia nukta moja mbali, na ukishaipata nukta hiyo jengo linasimama lenyewe.

"Chukua," Mzee Anselmi akaniambia. "Hakuna anayeitaka."

"Mzee, mtu hawezi kuishi kwa kuchora picha kama hizi?"

Alicheka mpaka akakohoa. "Skola mwanangu, hakuna mtu Sumbawanga atakayetoa pesa yake kwa nyumba ambayo haipo. Rudi Kate ukalime ulezi. Ulezi upo."

Sikumjibu, maana nilikuwa nimelelewa. Lakini nilikasirika, na hasira hiyo ilinilisha miezi kadhaa wakati chakula kilikuwa kigumu. Sikurudi Kate. Nilipanga chumba Majengo kwa Mama Oresta, mjane wa Kifipa aliyekuwa na vyumba vinne na sheria kumi. Chumba changu kilikuwa na dirisha moja la nondo, na meza niliyoipata kwa kulaza mlango wa zamani juu ya masanduku mawili ya bia. Kitasa hakikuwa kimetolewa, kwa hiyo karatasi ilibidi ikae upande mmoja. Kioo changu cha kujitazamia nilikifunga kwa uzi kwenye nondo za dirisha. Nyumba haikuwa na dari, na maneno ya chumba kimoja yalipanda yakashukia vyumba vyote. Nilijua nani kagombana na mumewe na nani anasali kwa uvivu. Jioni Mama Oresta aliniita jikoni kwake tule ugali wa ulezi na maharage, tukizungumza Kifipa, na kila siku aliniuliza swali lile lile: mteja amekuja? Nami nikasema bado. "Jembe lako lipo nyuma ya mlango kwa kaka yako," akawa ananikumbusha. "Halijaoza." Nilikuwa nimejiwekea mwisho: mvua za kwanza. Zikinikuta sina mteja, nitaenda kulishika hilo jembe na habari za kuchora ziishe.

Mteja wa kwanza alikuwa Mzee Hamadi, mwenye duka la vifaa na lori moja lililokuwa likienda mpakani na kurudi. Alisikia kuna binti aliyetoka ofisi ya ramani, akaniagiza nimchoree ramani ya nyumba ya vyumba vitano kwenye kiwanja chake kipya ukingoni mwa mji. Niliichora vizuri, kila ukuta na kipimo chake. Akaishika mbele ya kaunta, akaitazama kwa muda mrefu, akitikisa kichwa kwa heshima. Aliishika kichwa chini miguu juu. Nikaigeuza taratibu mikononi mwake. Akaendelea kutikisa kichwa vile vile.

"Nzuri," akasema. Halafu, kwa sauti ya chini, asisikiwe na wateja: "Binti, hii ni mistari. Nyumba yenyewe iko wapi?"

Hapo ndipo biashara yangu ilipozaliwa, pale kaunta, kati ya mizani na debe la misumari. Nilimwambia anipe wiki moja, nitamletea nyumba yenyewe. Nikaenda kiwanjani asubuhi, nikasimama barabarani, nikaitafuta nukta yangu kwenye vilima vya mbali. Nikachora kwa penseli, nikapaka rangi za maji nilizozinunua kwa padri mmoja aliyekuwa anahama. Bati nikalifanya jekundu kwa sababu Mzee Hamadi alikuwa ameshaagiza jekundu. Matofali niliyapaka moja moja, mpaka shingo ikakakamaa. Na kwa kuwa ile picha ya zahanati ilikuwa na mtu, nami nikataka mtu. Nitamtoa wapi? Niligeukia dirishani, nikajitazama kwenye kioo, nikamchora mwanamke mwembamba mlangoni, kikapu mkononi, amevaa gauni la njano lenye mkanda mweupe. Ndilo gauni langu la mtumba, na katika mji mzima hapakuwa na lingine kama lile. Sikufikiri hata kidogo. Mtu anayefuatisha miaka minne huchora kilicho mbele yake.

Mzee Hamadi alipoiona picha alikaa chini. Akasema, "Subhanallah," akapitisha kidole juu ya bati bila kuligusa, kama anayeogopa litamkata. Sasa, lazima nieleze jambo la kwetu. Mtu anayejenga hatangazi. Ananyamaza mpaka kuta zifike lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango, maana kabla ya hapo jicho la hasadi linaweza kusimamisha nyumba. Kwa hiyo Mzee Hamadi hakuwa amemwambia mkewe, Mama Rukia, kuhusu kiwanja. Alitaka kumshtua kwa furaha. Lakini picha ilimshinda. Alinilipa, akagongomea msumari nyuma ya kaunta, akaitundika dukani, na kuanzia saa hiyo kila aliyefuata kilo moja ya misumari alionyeshwa nyumba. Wanaume wa Majengo ndivyo walivyokuwa: siri walimficha mke, mji waliuambia.

Siku tatu nilitembea kifua mbele. Wafanyabiashara wawili waliniuliza kama nina nafasi wiki ijayo. Siku ya nne, bombani, nilisimama kwenye foleni ya ndoo nyuma ya wanawake wawili ambao hawakugeuka, na walivyokuwa wanazungumza nikajua wanajua niko nyuma yao.

"Nyumba ya bi mdogo imekamilika kuchorwa," mmoja akasema.

"Bi mdogo yupi?"

"Si huyo aliyejichora mlangoni! Na gauni lake la njano, na kikapu, kama anatoka sokoni kumpikia mume."

"Makubwa! Na Mama Rukia anajua?"

"Nani atamwambia? Lakini lisemwalo lipo."

Nilirudi na ndoo tupu. Mama Oresta alikuwa amekaa kizingitini akichambua maharage, na habari zilikuwa zimemfikia kabla yangu. Hakupandisha sauti. "Kama ni kweli, uhame Jumamosi," akasema. "Kama si kweli, usikae humu ndani unalia. Nenda kaseme mwenyewe." Jioni wale wafanyabiashara wawili wote wakajitoa, mmoja mke wake ni mgonjwa, mwingine hata sababu hakutafuta. Niwe mkweli: sikuogopa kukosa kazi. Niliogopa kurudi Kate na jina hilo, kwa maana msichana aliyepunguzwa kazi watu humwonea huruma, lakini msichana anayechukua waume za watu hawamsahau. Na kazi yangu yote ingekuwa ya kuingia kwenye nyumba za watu. Bila jina safi nani angenifungulia mlango?

Kesho yake, kabla sijajikaza kwenda, Mama Rukia akaniita. Alikuwa anakaa nyuma ya duka, vyumba vitatu vya kupanga vilivyojaa magunia ya mchele na watoto. Nilimkuta amekaa kwenye kitanda cha kamba, mwanamke mkubwa wa mwili na wa sauti, na picha imelazwa magotini mwake. Alikuwa ameing'oa ukutani yeye mwenyewe, na msumari wake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa." Akasukuma mbele yangu sahani ya wali na samaki wa kukaanga. "Kula."

"Mama, mimi nimekuja kusema..."

"Kula kwanza. Simgombezi mtu mwenye njaa, nitapata dhambi mbili."

Nikala. Sijawahi kula chakula kitamu kwa shida namna ile. Aliningoja mpaka nikanawa, ndipo akaweka kidole chake juu ya yule mwanamke mlangoni. "Huyu nani?"

"Ni mimi."

Nadhani alikuwa amejiandaa kwa uongo, maana aliondoa kidole kwenye picha. Nikamweleza yote: picha ya zahanati, mwanamke wa mwavuli, kwamba mchoraji anaweka mtu ili mlango uonekane mlango. Nikamwambia sina kioo kingine wala gauni lingine. Nikamwambia Mzee Hamadi sijawahi kuzungumza naye pasipo kaunta kati yetu. "Mama, mimi ni mjinga," nikasema, "lakini si mwizi." Hapo machozi yakanitoka, na niliyachukia.

Alinitazama usoni, akatazama picha, akanitazama tena. "Kwa hiyo ukimchora mwingine hapa, nyumba inabaki ile ile?"

"Inabaki ile ile."

"Na hii nyumba kweli anaijenga?"

Nikakumbuka kwamba hakuwa ameambiwa. Nikatazama sahani tupu, na hilo likawa jibu. Uso wake ukabadilika. Hasira ilikuwa bado ipo, lakini ilihama kutoka kwangu ikaelekea dukani. Akaiinua picha karibu na mlango ili mwanga uiangukie, na kwa mara ya kwanza akaacha kumtazama mwanamke, akaanza kuitazama nyumba.

"Jiko liko wapi?"

"Nyuma, upande huu. Halionekani."

"Lifanye lionekane."

Nilikuwa na penseli kwenye nywele. Aliniletea karatasi ya kufungia sukari, nikamchorea ua kwa nyuma kama ndege anavyouona: jiko, choo, kisima, ukuta. Akaniuliza mashariki ni wapi. Nikamwonyesha. Akapiga goti lake kwa kiganja. "Umewahi kupika Juni katika mji huu? Upepo unatoka huku. Moshi wote utaingia vyumbani. Hili jiko limepangwa na mtu ambaye kazi yake ni kula." Halafu akatafuta mlango wa kutoka vyumbani kwenda uani. Haukuwepo, mtu ilibidi apite sebuleni. "Yaani wageni wake wakikaa kunywa kahawa, mimi na binti zangu tupite katikati yao na ndoo?" Tulikaa mpaka alasiri. Kila alilosema nilifuta nikachora, na kwa mara ya kwanza maishani sikuwa nafuatisha mstari wa mtu. Nilikuwa naona nyumba ikijigeuza chini ya penseli kwa maneno ya mwanamke ambaye hakuwa amewahi kushika ramani. Furaha niliyoisikia siku hiyo sijaipata tena kwa ukubwa ule, na nimefurahi mara nyingi.

Asubuhi iliyofuata aliningoja mlangoni mwa Mama Oresta, mtaa mzima ukimwona, akanishika mkono tukaongozana. Alichagua njia ndefu kwa makusudi, tukapita bombani. "Salaam aleikum, mabinti," akawaambia wale wanawake, "mnamjua mchoraji wangu?" Wakaitikia wakitazama ndoo zao. Kiwanjani tulimkuta Mzee Hamadi na Fundi Kasiano, ambaye vijana wake walikuwa wameshachimba msingi wa jiko upande wa mashariki. Mzee alipomwona mkewe pale, rangi ilimtoka.

"Mama Rukia! Nani kakuleta?"

"Picha yako. Uliitundika mwenyewe." Akamkabidhi Fundi Kasiano ile karatasi ya sukari. "Fundi, jiko liende kule, magharibi. Na hapa uniwekee mlango wa uani."

Fundi akamtazama mzee. Mzee akakohoa. "Mke wangu, haya mambo yana ramani. Wewe ramani unaijua?"

"Siijui," akasema. "Hii nyumba naiona. Wewe ramani unayo, nyumba umeiona?"

Fundi Kasiano alikuwa mtu wa maneno machache. Alilowesha kidole, akakiinua juu, akasikiliza upepo. Akashuka kwenye mtaro, akawaambia vijana wake wafukie. Mzee Hamadi alisimama kitambo akikuna ndevu, kisha akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyeshindwa na hakuumia. Akaniambia, "Binti, ungenipa mistari tu mambo haya yasingenikuta."

Tulirudi nyuma ya duka, nikamfunika yule mwembamba kwa rangi nyeupe nzito, mara mbili, nikaacha ikauke juani. Mama Rukia akajifunga khanga yake nzuri, akasimama mlangoni mwa chumba chake, mkono kiunoni. Nilipoanza, alikuja akachungulia begani kwangu. "Usinipunguze," akaonya. "Hata kidogo. Unene huu nimeutolea jasho." Sikumpunguza. Nilipomaliza aliichukua picha kwenda nayo dukani, akaigongomea pale pale palipokuwa, na kwa wiki mbili alikaa chini yake akiuza misumari, kazi ambayo hakuwahi kuifanya. Kila aliyeingia aliambiwa: huyo ni mimi, hiyo ni nyumba yangu, na mchoraji anakaa kwa Mama Oresta, mlango wa pili. Umbea uliokuwa umekimbia mji mzima kwa siku nne aliurudisha nyumba kwa nyumba mpaka ukafia mlangoni ulikotoka.

Mvua za kwanza zilinikuta nina kazi za miezi mitatu. Kila mtu alitaka nyumba, na kila mtu alitaka kuwemo. Mwenye mashine ya kusaga alitaka awekwe na mama yake, ambaye alikuwa amekufa, na nilimweka. Mfugaji mmoja Msukuma, Mzee Masanja, alipanda kutoka Kaoze bondeni akitetemeka kwa baridi yetu, akasema anataka nyumba ya bati na ng'ombe wake mbele yake. Nikamuuliza ng'ombe wangapi. "Wote," akasema. Nikamwambia, baba, hawataenea kwenye karatasi. Akafikiri kwa makini. "Basi nyumba iwe ndogo," akasema. Niliwachora siku nne, na alipokuja kuichukua aliwahesabu, akanionyesha dume mmoja niliyemkosea pembe. Na mimi ninayejigamba hapa ndiye niliyeshinda nikisahihisha pembe ya ng'ombe.

Kabla ya Krismasi nilining'iniza kibao juu ya mlango wangu: PICHA ZA NYUMBA KABLA YA NYUMBA. Mama Oresta alinipa chumba cha pili, akapunguza sheria zikabaki saba. Na siku moja ya manyunyu nilisikia mtu anakung'uta viatu nje kwa ustaarabu wa ofisi. Alikuwa Mzee Anselmi, na kofia mkononi. Alikuwa anajenga, akasema, kijumba tu cha kustaafia. Nikamkaribisha kiti, nikamchemshia chai ya maziwa, nikafungua karatasi mpya.

"Mzee, hiyo nyumba ipo?" nikamuuliza.

Aliinamisha kichwa, mabega yakamtikisika kwa kicheko. "Haipo, Skola. Nichoree." Akataka awekwe barazani, amevaa tai. Nilimtoza bei kamili, na chai nikamwongezea.

Nilikuwa nayawaza hayo msibani, macho ukutani, wakati wanaume wamekwenda makaburini na nyumba imetulia. Rukia alikuja akakaa ubavuni kwangu. Ni bibi sasa, na ana kiuno cha mama yake. Nikamwonyesha picha kwa kidevu. Ile rangi nyeupe niliyoiamini imechoka. Pembeni mwa Mama Rukia, nyuma ya bega lake, limetokeza bega jembamba la njano, na chini yake mpini wa kikapu.

"Ameanza lini kutoka?" nikanong'ona.

"Zamani. Tulitaka tukuite uje umfunike tena, mama akakataa. Akasema tumwache, amemzoea." Rukia alifuta pua kwa ncha ya mtandio. "Kila asubuhi akifungua madirisha alikuwa anamwamkia. 'Mke mwenzangu, umeamkaje? Upepo mkali leo. Usiwe na haraka, nyumba bado yangu.' Jana alishindwa kuinuka. Akanituma mimi."

"Akakutuma useme nini?"

"Akasema, 'Kamwambie mwenzangu, leo madirisha afungue yeye.'"

Nilicheka. Nilicheka kwa sauti, msibani, mpaka wanawake wakageuka na mmoja akaniombea kwa Mungu, na machozi yalikuwa yananimiminika mpaka kifuani. Kisha nikashika bega la Rukia, nikainuka, nikaenda nikafungua madirisha ya sebule, moja baada ya jingine. Ulikuwa mwezi wa Juni. Upepo uliingia kutoka mashariki, ukapita nyumba nzima, na kule uani moshi wa masufuria ukainama ukaenda zake magharibi, mbali na vyumba, kama tulivyoupanga mimi na yeye juu ya karatasi ya sukari.